Kichanja cha Chuma

Bustanini kwetu palikuwa na kichanja cha miti kilichobeba mkarakara, na chini yake wazee walipenda kupumzika jua likiwa kali. Mchwa wakakitafuna, kikaanguka. Basi nikaazimu kujenga kingine cha chuma.

Nalinunua mabomba 4 makuukuu yawe nguzo, na nondo nyembamba. Nondo nikazipinda polepole penye kisiki, zikawa matao. Nikazifunga kwa waya, kisha nikapaka rangi ya kijani, kikapendeza mno. Mke wangu akaniuliza, "Mwalimu, mbona mashimo hayana kina, wala hakuna zege?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba chuma ni kizito, chatosha chenyewe. Kumbe fedha ya saruji nalikwisha kuitumia kwa rangi.

Masika yakaja. Mkarakara ulikuwa umesongamana majani, upepo ukaushika kama tanga, na kichanja chote kikalala juu ya benchi. Punde tu kabla ya hapo, mtoto wetu wa mwisho alikuwa ameketi pale.

Usiku ule sikulala. Kulipokucha nalimwomba mke wangu msamaha, tukachimba pamoja mashimo ya futi 2, tukasimamisha nguzo, tukamimina zege, tukalinyunyizia maji siku 7 lipate kushika vema.

Sasa wazee wamerudi kivulini, nao husifu rangi. Zege hakuna alionaye. Nami nisikiapo sifa hizo, humtazama mtoto wangu, nikanyamaza.