Tiketi za bei chee zilivyonitoa machozi

Mwenzenu nilijifanya mjanja. Bi mkubwa alikuwa anakwenda Muscat kumwona mjukuu wake wa kwanza, mimi na mdogo wangu tukimsindikiza. Nikakata tiketi mbili mbili: Mwanza–Dar kampuni moja, Dar–Muscat kampuni nyingine. Bei chee! Nikatamba mtaa mzima.

Siku ya siku, ndege ya Mwanza ikachelewa saa mbili. Tulipotua Dar, Terminali 2, tukasubiri kwanza mabegi, maana kila tiketi na mzigo wake. Mbio hadi Terminali 3, bi mkubwa kashika kiuno, magoti yanamuuma.

Kaunta imefungwa! Ndege bado ipo chini, lakini kaunta hufungwa saa nzima kabla ya kuruka.

"Kuchelewa kwa wenzetu hakutuhusu, kaka," tukaambiwa.

Tukalala gesti. Tiketi mpya zikameza akiba yangu yote. Bi mkubwa wala hakunifokea. Alitoa kigauni cha mjukuu begini, akakikunja upya, akakirudisha. Hapo ndipo nililia.

Jamani, ukisafiri na wazee, kata tiketi moja ya safari nzima, au fikeni Dar jana yake. Rahisi huvunja upishi.