Orodha ya Mugunga ilikwama wapi?

GOMA – Waliokuwa Goma mwaka 2012 hawajasahau. Tarehe 20 Novemba wapiganaji wa M23 waliingia mjini, na tarehe 1 Desemba wakatoka. Siku chache kabla ya mji kuanguka, watu waliokuwa wamejisitiri Kanyaruchinya walibeba tena magodoro na sufuria, wakavuka mji mzima hadi Mugunga. Juma zilizofuata kila familia ilingoja jambo moja: jina lisomwe, jetoni itolewe, unga na maharagi vipatikane.

Majina yalikuwepo. Shirika moja dogo la misaada lilikuwa limeandika familia hizo, na karatasi zikapelekwa Bukavu, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, zikaingizwa katika kompyuta kuu ya zamani. Ofisi ya Goma ilizisoma kutoka huko kwa njia ya satelaiti. Ajabu ni kwamba orodha za vituo vidogo, vyenye familia kumi hivi, zilifunguka vizuri. Ya Mugunga haikufunguka. Kioo kilibaki kitupu, kisha mashine ikaganda.

Mlangoni watu waliambiwa, “Mama, majina yenu hayamo kwenye mashine.”

“Papa, tuliandikwa sote. Angalieni tena,” mama mmoja akajibu, mtoto mgongoni. Wengine walianza kunong'ona kwamba majina yameuzwa.

Fundi aliyeitwa alikuwa kijana wa mjini, mzoea jenereta na antena. Watu wa satelaiti walimwambia njia ni nzima. Naye alipojaribu kuita Bukavu, Bukavu iliitika kila mara. Mtu mwingine angefunga begi lake na kwenda. Yeye alikaa na swali moja: kwa nini kidogo kinapita na kikubwa hakipiti?

Hapo ndipo inafaa kueleza jinsi mitambo hiyo ilivyokuwa inaongea. Programu ya orodha ilikuwa ya zamani, nayo ilijua lugha moja tu, IPX, ambayo kampuni ya Novell ya Marekani iliieneza katika maofisi ya dunia miaka ya 1980. Satelaiti na intaneti hazibebi lugha hiyo; zinabeba IP. Kwa hiyo kila upande uliwekwa ruta, na kati ya ruta hizo mbili ikatengenezwa tuneli. Ruta ya Bukavu ilichukua paketi ya IPX, ikaivika vazi la IP, ikaituma. Ruta ya Goma ikaivua vazi na kuipatia kompyuta.

Kila mtu wa Goma anaweza kuliona jambo hilo kwa macho. Chukudu haivuki ziwa. Lakini chukudu yenye mzigo wake inaweza kupakiwa ndani ya boti, ikavushwa hadi Bukavu, ikashushwa na kuendelea kubingirika kama kawaida. Boti haijui kilicho ndani ya magunia, na chukudu haijui maji. Tuneli ya namna hiyo inaitwa GRE, na maelezo yake ya kwanza yalitangazwa Oktoba 1994, mwaka uleule ambao Goma ilipokea umati wa wakimbizi kutoka Rwanda.

Sasa ubaya. Mlango wa boti una upana wake. Kwenye njia nyingi za mtandao, paketi moja haizidi baiti 1,500. Vazi la tuneli lenyewe linachukua baiti 24: 20 za IP na 4 za GRE. Kwa hiyo mzigo wa ndani hautakiwi kuzidi 1,476. Ukizidi, ruta inaukata vipande viwili, na upande wa pili unaviunga. Lakini ikiwa kifaa fulani njiani kinatupa vipande, kipande kimoja kikipotea mzigo wote umepotea, na aliyetuma haambiwi neno.

Fundi alituma vifurushi vya majaribio, akiongeza ukubwa polepole. 1,000 kikapita. 1,400 kikapita. 1,476 kikapita. 1,477, kimya. Alirudia mara tatu, akaandika namba hizo kwenye daftari, kwa sababu alijua wakubwa wa ofisi hawataamini maneno matupu. Jina moja la Mugunga halikuwa limeuzwa. Orodha fupi zilienea katika paketi ndogo. Orodha ndefu ilijaza paketi hadi ukingoni, nazo zikafia njiani. Waliokuwa wengi zaidi ndio waliokosekana, kwa sababu tu walikuwa wengi.

Dawa yake haikuwa ya gharama. Aliamuru kompyuta za pande zote mbili zitumie paketi ndogo za baiti 576, kipimo ambacho IPX ya zamani ilikizoea. Orodha ya Mugunga ikaanza kushuka, taratibu sana. Satelaiti ya namna hiyo iko kilomita 36,000 hivi juu ya ardhi, na swali na jibu lake hupita nusu ya sekunde. Programu ile ilingoja jibu la kila paketi kabla ya kuomba nyingine. Paketi 1,000 ni zaidi ya dakika 8. Jenereta ikawekewa mafuta, wakangoja. Ilipokamilika, fundi hakuridhika na kioo. Aliomba ichapishwe yote, nakala moja ibaki Goma, ili siku njia ikikatika watu wasomewe kutoka kwenye karatasi.

IPX karibu imekwisha duniani. Tuneli hazijaisha. Maofisi mengi leo hupitisha kazi zao ndani ya tuneli za siri, na kila vazi bado linakula nafasi yake. Ugonjwa uleule hurudi kwa sura nyingine: salamu inapita, picha na orodha havipiti.

Kwa familia zilizohama, jambo la kushika ni dogo. Ukiambiwa “jina lako halimo,” uliza kwa upole: orodha yote imefunguka, au imekatikia njiani? Ina majina mangapi, na mlipoandikwa yalikuwa mangapi? Hesabu mbili zisipolingana, huo ni ushahidi tosha wa kuomba fundi aitwe kabla mtu hajarudishwa nyumbani mikono mitupu. Jetoni au karatasi uliyopewa siku ya kuandikwa, ifunge kwenye plastiki, uitunze pamoja na kadi za watoto. Mashine inaweza kukunyamazia, na karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwamba uliandikwa.