Mmiliki wa Sanduku na Mwenye Sauti

Suala la uhifadhi wa fasihi simulizi limezishughulisha idara za fasihi za Afrika Mashariki tangu mjadala wa 1968 jijini Nairobi, pale Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipodai kwamba fasihi ya Mwafrika, ikiwemo ile ya mdomo, iwe kiini cha masomo. Aghalabu mjadala huo umehusu ukusanyaji, tafsiri na uainishaji. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni sanduku ambamo sauti ya fanani hulazwa mtafiti akisharudi nyumbani. Tajriba ya mwalimu mmoja wa fasihi mjini Migori yaonyesha kwamba sanduku hilo nalo lina hoja yake ya kihakiki.

Mnamo 1996 mwalimu huyo alikwenda kwa mpigaji nyatiti mmoja, mzee aliyeishi karibu na Homa Bay, akiwa na kinasasauti na kanda mbili. Alirekodi nyimbo 4. Wa mwisho ulikuwa wimbo wa maombolezo ambao mzee alimtungia mamake. Kanda zilikuwa ghali siku hizo, na mshahara wa mwalimu ulikuwa haba. Hivyo basi, alipozihamishia nyimbo hizo kwenye kompyuta mwaka 2009, zile kanda alizitumia tena kurekodia mahojiano mengine. Hakuona kosa lolote. Yaliyomo yalikuwa yamekwisha kupata makao mapya, tena bora.

Ubora huo haukuwa wa kudhania. Dakika moja ya sauti isiyobanwa, kwa kipimo cha diski za muziki, huchukua takriban megabaiti 10. Disketi ya megabaiti 1.44, ambayo watafiti wengi waliitegemea katika miaka ya 1990, ingebeba sekunde 8 hivi tu za nyatiti. Fanani angekuwa bado anakaza nyuzi. Mwaka 2019 mwalimu alinunua kompyuta ndogo ya ubao mmoja, isiyozidi ukubwa wa kiganja, pamoja na diski mbili za terabaiti moja kila moja. Kompyuta za aina hiyo, ambazo zilienea baada ya Raspberry Pi kutolewa nchini Uingereza mwaka 2012, hutumia wati chache tu, na kwa hivyo huweza kuendeshwa hata kwa betri ya sola. Mwalimu aliisifu mashine yake kila alipopata msikilizaji. Haikuwa na feni ya kuvuta vumbi. Ilikaa rafuni kati ya kamusi mbili. Diski ya pili ilinakili papo hapo kila kilichoandikwa kwenye ya kwanza, na wanafunzi waliomtembelea waliweza kusikiliza nyimbo kwa simu zao wakiwa sebuleni. Alizoea kuiita maktaba yake.

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi. Usiku mmoja wa masika ya 2022 umeme ulikatika Migori, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Kulipopambazuka kompyuta haikuwaka. Diski moja ilikuwa kimya. Nyingine iligonga mara tatu ndani kwa ndani, ikanyamaza. Fundi alieleza jambo ambalo mwalimu hakuwa amelitafakari: diski mbili zilizounganishwa na waya mmoja, ndani ya nyumba moja, ni sawa na mtu na kivuli chake kwenye kioo. Mtu akianguka, kivuli hakibaki kimesimama. Kioo hurudia kila kitu, pamoja na msiba.

Yumkini hasara hiyo ingebaki kuwa ya mtafiti peke yake, lakini miezi miwili baadaye bintiye yule fanani alisafiri kutoka Homa Bay, kupitia Rongo, hadi Migori. Mzee alikuwa amefariki. Jamaa walikuwa wakiandaa ibada ya kumbukumbu, na walikumbuka kwamba mwalimu fulani aliwahi kuja na mashine. Alitaka wimbo wa nyanya yake. Mwalimu alimkaribisha, akampa chai, kisha akamweleza kuhusu radi, diski na fundi. Yule mama alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Nimeelewa, Mwalimu," akasema. "Mashine ilikuwa yako. Na sauti ya baba, nayo ilikuwa yako?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Kwa miaka 26 alikuwa ameandika "mkusanyiko wangu" katika makala na katika maombi ya ufadhili, na hakuna mhariri aliyemsahihisha. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kumpelekea mzee nakala hata moja.

Kilichookoa baadhi ya nyimbo ni tendo ambalo mwalimu alikuwa amelisahau. Mwaka 2011 alikuwa amempa mwanafunzi wake wa uzamili, mzaliwa wa Mbita, flashi yenye nyimbo 3 zilizobanwa ili zienee. Mwanafunzi huyo, sasa mwalimu katika kaunti ya Homa Bay, alikuwa bado nazo. Amezihamisha kutoka simu moja hadi nyingine, kwa kuwa alizipenda. Walipozisikiliza pamoja, mwalimu aligundua upungufu. Mpigaji nyatiti hapigi nyuzi 8 pekee. Pete ya chuma kidoleni mwa mguu hugonga ala, na njuga za mguuni, ambazo Wajaluo huziita gara, hushika mwendo. Mbano wa sauti hutupa kile ambacho hesabu zake zinadhani sikio halitakikosa, na sauti kali, za ghafla, kama za njuga, huwa miongoni mwa zinazoumia kwanza. Gara za mzee zilisikika kama mvua juu ya majani. Kwa maneno mengine, mashine ilikuwa imefanya uhariri, kama vile mtafiti wa zamani alivyofanya alipoandika maneno ya wimbo na kuyaacha makofi ya hadhira.

Wimbo wa nne haukupatikana. Yule mama ndiye aliyeufufua kwa kiasi: aliimba kiitikio na beti mbili, bila ala, akasimama pale kumbukumbu ilipokoma. Rekodi hiyo si ya babake. Ina pumzi nyingine, na katika ubeti wa pili jina la nyanya limefuatwa na jina la mzee mwenyewe, ambalo mwaka 1996 halikuwamo. Mhakiki anaweza kuiita matini pungufu. Anaweza pia kuiita toleo jipya. Majibu yote mawili ni sahihi, wala moja halifuti jingine.

Wataalamu wa uhifadhi hufundisha kanuni ya nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Mwalimu anaifuata sasa. Nakala moja iko Migori, katika kompyuta ndogo mpya yenye betri ya akiba na kinga ya umeme. Ya pili iko katika diski isiyounganishwa na chochote, ambayo huwashwa na kukaguliwa kila baada ya miezi mitatu. Ya tatu iko Homa Bay, kwa yule mama, naye ndiye anayeamua nani asikilize wimbo wa maombolezo na lini.

Katika kaunti hiyo ya Migori zimo kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa kwa mawe pasipo udongo wa kuyashikamanisha na kuingizwa mwaka 2018 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta hizo hazikudumu kwa uzito wa mawe peke yake. Jamii zilizofuatana hapo zilizirekebisha, na jiwe lililoanguka lilirudishwa na mtu aliyejiona kuwa anahusika. Fanani huishi kwa utaratibu huohuo: hurudiwa na wale wanaomhitaji. Mtafiti aliyefungia sauti sandukuni kwa kuihurumia alikuwa ameitenga na watu hao. Alikuwa mmiliki wa sanduku; sauti ilikuwa amana, na amana hurudishwa kwa wenyewe kabla hawajaja kuidai.