Dam ni Ukuta au ni Maji?

Dada yangu mpendwa,

Ujumbe wa mpwa wangu nimeupata huku Sheffield, pamoja na picha ya insha yake ya Kiingereza. Kumbe likizo walienda kuvua samaki Kamburu, naye akaandika "Kamburu Damn". Mwalimu akaizungushia kalamu nyekundu bila maelezo, na sasa mtoto anataka kujua ile n imekosa nini.

Mwambie mjomba wake anasema hivi: ile n imegeuza maji kuwa laana. Damn ni kulaani, neno la asili ya Kilatini, na n yake ni bubu. Huisikii mpaka neno lirefuke kuwa damnation, hapo ndipo inaamka. Dam isiyo na n ni ya ukoo mwingine kabisa. Ndiyo hiyo iliyo mkiani mwa Amsterdam na Rotterdam, miji iliyoanzia pale watu walipoziba mto Amstel na mto Rotte. Damn na dam zikitamkwa, sikio halizitofautishi. Hapa kazini kwangu, ninakohudumia wazee, ile yenye n husikika kuliko sala, hasa Sheffield United ikifungwa.

Kuna na dam ya tatu, ambayo mwalimu wake huenda hajakutana nayo. Katika kurasa za mbio za farasi kila mnyama huandikwa na wazazi wake, na dam ni mama. Hilo ni dame lililopunguzwa mkia, na dame ni bibi mwenye cheo. Daphne Sheldrick, yule aliyelea ndovu yatima Nairobi, alitunukiwa cheo hicho mwaka 2006. Kwetu vijana nao wana dame wao, msichana wanayemmezea mate pale stendi ya Kiritiri. Hilo pia kijana asiliandike kwenye insha.

Ila utamu wenyewe uko kwenye ile dam ya kawaida. Kwa Waingereza wengi dam ni ukuta tu. Maji yaliyo nyuma yake yana jina lake, reservoir. Sisi Wambeere tukisema dam imejaa, tunasema maji. Tukisema dam imepasuka, ni ukuta. Hakuna anayepotea. Nilipofika huku nilirekebishwa mara nyingi na watu waliosoma, mpaka nikagundua kwamba wenyeji wa Sheffield wako upande wangu. Katika mabonde ya mito Porter na Rivelin kuna vidimbwi vya zamani vilivyozungusha magurudumu ya kunolea visu, maana mji huu ulijulikana kwa visu kabla ya kujulikana kwa mpira. Maji yale wenyeji huyaita dam. Nenda Forge Dam Jumapili: mkahawa umejaa, watoto wanawarushia bata makombo, na bata wanaelea ndani ya dam. Nani ataelea ndani ya ukuta?

Na mji huu unaujua ukuta pia. Usiku wa tarehe 11 Machi 1864, tuta la udongo la Dale Dyke lilipasuka likiwa ndio kwanza linajazwa. Maji yakafuata bonde la Loxley mpaka mjini, yakaua watu wapatao 240. Nilipokuwa nikisoma habari hizo, mawazo yalikuwa Solai, Mei 2018, dam ilipopasuka ikasomba watu usiku vilevile.

Huko kwetu ugomvi huu wa ukuta na maji si wa kamusi. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere: tano zimepangana kwenye mto Tana, ya kwanza kukamilika ikiwa Kindaruma mwaka 1968, ya mwisho Kiambere mwaka 1988. Ukimwuliza mhandisi, Gitaru ni megawati 225, yaani ukuta na mitambo. Ukimwuliza mtu wa Garissa mwezi wa Aprili, Masinga ni maji yatakayomfikia kitandani. Na mwanamke wa Gachoka anayemswaga punda na mitungi ya njano kiangazini, yeye dam anaiona kwa mbali ikimeremeta, na nyaya za umeme zinampita juu ya kichwa kwenda Nairobi.

Kaunti za mto huu zimedai fungu la mapato ya umeme kwa miaka mingi, na madai hayo nayaunga mkono. Lakini naona viongozi wetu wanadai ukuta peke yake. Mgao wa shilingi utaishia ofisini Embu kabla haujafika kwa punda. Wangeanza na mabomba: maji ya Kamburu yapandishwe mpaka Gachoka, halafu hizo megawati tuzizungumze tukiwa tumeoga.

Msalimie mama, umwambie dawa za presha asiruke hata siku moja. Karo ya kijana naituma Ijumaa. Insha nyingine akiandika anitumie kabla ya kumpa mwalimu.

Ni mimi kaka yako,
Sheffield