Usiku Magari Yalipozimika Levelland

Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Lubbock, Texas. Mzaliwa wa Kwimba, Tanzania, kama mimi hapati taabu kuizoea nchi ile: tambarare, vumbi na pamba mpaka upeo wa macho. Mwenye nyumba wangu alikuwa mzee mkulima wa pamba. Yeye ndiye aliyenisimulia habari za Levelland, mji ulio umbali wa kilomita 50 hivi, magharibi ya Lubbock.

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1957, kama saa tano, dereva wa lori aliwapigia simu polisi. Kitu kinachong'aa kimepita juu yake, alisema, kikafuatana na joto na kishindo. Injini ikazimika, taa zikafa. Kilipotokomea, taa zikarudi na lori likawaka bila shida. Askari wa zamu alimdhania mlevi. Mpaka kunakucha alikuwa amepokea simu kama 15, na madereva waliotoka barabara tofauti walieleza mambo yaleyale. Mmoja alikuwa kijana wa chuo chetu. Alifungua boneti, hakuona hitilafu, na alipoinua macho akaona kitu cha umbo la yai kimekaa barabarani. Hata Weir Clem, mkuu wa polisi wa wilaya, alitoka akauona mwanga kwa mbali.

Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na kitengo cha kuchunguza taarifa za namna hii, kikiitwa Project Blue Book, makao yake Ohio. Kilimtuma mpelelezi mmoja. Hakumaliza hata siku nzima mjini, akawahoji wachache, akaondoka. Jibu likatoka: ilikuwa dhoruba ya radi, na injini zilizimika kwa unyevu.

Jibu hilo lilimkera mwenye nyumba wangu mpaka uzeeni. Usiku ule palikuwa na ukungu na manyunyu, alisema, radi haikuwapo. Nami nilimwelewa. Mkulima anaijua radi tangu utotoni, kwa maana inaweza kumuua shambani. Kumwambia kwamba ameiona akadhani ni kitu kingine ni kumdharau mbele ya majirani zake.

Baadaye nilikisoma kitabu cha J. Allen Hynek cha 1972. Huyu mwanaastronomia ndiye aliyekuwa mshauri wa kitengo, na alikuwa ameikubali hoja ya radi. Siku zile alizidiwa na kazi ya kufuatilia satelaiti za Warusi. Sputnik ya pili ilirushwa usiku uleule, saa chache tu kabla ya simu zile. Aliandika kwamba hajivunii alichokifanya, kwani alikuja kujua kuwa hapakuwa na dhoruba yoyote ya radi.

Sisemi kilikuwa chombo cha viumbe wa ulimwengu mwingine. Nasema watu wale walistahili kusikilizwa wote, mmoja mmoja, barabarani pale magari yao yalipozimika. Blue Book ilifungwa mwaka 1969 ikiwa na taarifa 12,618, na 701 kati yake zikaandikwa kuwa hazikupata maelezo. Levelland haimo katika hizo 701.