Mlango Ulio Mbele ya Benchi

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa pili aliingia ofisini kwangu, akaniamkia, akaketi kabla sijamkaribisha. Si desturi ya wanafunzi wetu kuketi hivyo, na nadhani hiyo ndiyo ishara ya kwanza niliyopaswa kuisoma. Mkononi alikuwa na fomu ya kuahirisha masomo. Nilipomwuliza sababu alisema, "Silali, Mwalimu. Nikisoma ukurasa, nikifika chini nimeshasahau ya juu." Nikamweleza kuwa kanuni zinataka cheti cha daktari. Akasema zahanati ilimpima malaria, haikuonekana, akapewa dawa za maumivu na kuambiwa apumzike. Basi nikamwelekeza kwa mnasihi wa chuo. Alitabasamu kama mtu amwoneaye mtoto huruma. "Kule, Mwalimu? Nitaonekana."

Nikamjibu kwa neno ambalo sisi waalimu tumelirithi pamoja na vumbi la chaki: jikaze. Fomu sikuitia saini.

Hakufanya mitihani. Katika kikao cha matokeo namba yake ya usajili ilisomwa miongoni mwa namba za waliodisko (neno ni la wanafunzi, nasi tumeliazima bila haya). Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye hoja. Mimi niliyekuwa nayo nilitazama karatasi zangu, kisha nikanyoosha mkono pamoja na wenzangu kuyapitisha matokeo. Kikao kilikwisha mapema siku ile, tukanywa chai.

Ndipo nilipokwenda kuuona mlango wenyewe. Uko katika jengo la utawala, kwenye ushoroba wa ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, baina ya chumba cha nidhamu na dirisha la mikopo. Mbele yake kuna benchi refu, na katika majuma ya kusaini fedha za kujikimu, zile wanazoziita bumu, benchi hilo hujaa tangu asubuhi na foleni ikamwagika hadi ngazini. Juu ya mlango pameandikwa UNASIHI kwa herufi ambazo hata mimi nisiyeona mbali nilizisoma nikiwa chini. Aingiaye humo huingia mbele ya chuo kizima. Na sisi ni watu ambao kwetu jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyowatibu wagonjwa wengi tangu enzi za Mwingereza, limegeuzwa tusi la kutaniana barabarani.

Mnasihi nilimkuta. Ni mama mmoja msomi, mpole, aliyesomea kazi yake barabara. Ndani ana viti viwili na kabati lisilo na kufuli. Ni yeye pia agawaye vyumba vya mabweni, na ni katibu wa kamati ya nidhamu. "Asubuhi nawasikiliza," aliniambia, "mchana naandika muhtasari wa kikao kinachowafukuza. Wewe ungeniambia siri yako?" Sikumjibu. Nilikumbuka ni mara ngapi tumejisifu mbele ya wageni kwamba chuo chetu kina huduma ya unasihi. Hatukusema uongo. Chumba kipo, mtu yupo, mshahara unalipwa.

Wapo wenzangu wasemao vijana wa siku hizi ni laini, kwamba sisi tulisoma kwa kibatari na hatukuhitaji kunasihiwa. Hoja hii imenichosha. Kijana niliyemrudisha alikuwa wa kwanza katika ukoo wake kuvuka lango la chuo kikuu. Baadaye niliambiwa na wenzake wa bwenini kuwa sehemu ya bumu lake aliituma nyumbani kila lilipotoka, naye akala mlo mmoja kwa siku. Kule kwao hakuwa mwanafunzi, alikuwa mavuno. Mtu wa namna hiyo akifeli somo moja hafeli peke yake, na ndiyo maana halali.

Lipo na jambo zito zaidi, ambalo katika vikao vyetu hutajwa kwa kunong'ona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa walio na umri wa miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Kwetu, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mwingereza aliyetuachia fikra hiyo aliifuta kwao mwaka 1961. Na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Sisi bado tunamtaka kijana aje aseme yanayomsibu, katika chumba kinachopakana na cha nidhamu, kwa mtu ashikaye kalamu ya kamati.

Nilipendekeza chumba kihamishiwe zahanati, ambako mwenye malaria na mwenye huzuni wangeketi benchi moja pasiwe na wa kuwatofautisha, na mnasihi aondolewe katika kamati. Nikajibiwa kwamba suala la vyumba ni la bajeti. La kamati halikujibiwa. Mjumbe mmoja aliuliza kama mpendekezaji naye anahitaji huduma hiyo. Watu wakacheka, na nakiri kwamba nilicheka nao.

Yule mama amejitafutia njia. Jioni, saa za kazi zikiisha, huketi chini ya mwembe nyuma ya maktaba, karibu na kituo cha daladala, mkoba mapajani. Wanafunzi huja mmoja mmoja, huketi kando yake, huzungumza wakitazama mbele. Wapitao hudhani wanasubiri gari. Juma lililopita nilimwona akiziacha daladala tatu zipite, na kijana aliyekuwa naye alikuwa bado anazungumza.