Kifuko Kisichofungwa na Kazi Moja

Katika masoko ya kazi za mikono hapa Uingereza, meza ya vifuko vya kitambaa haikosekani. Vimeshonwa vizuri, vina zipu na bitana, na kila kimoja kimeshapangiwa kazi: hiki cha penseli, hiki cha vipodozi, kile cha nyaya za simu. Mwenye vitu vya aina tano huondoka na vifuko vitano, na nadhani hapo ndipo hesabu inapoharibika. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa huku ulichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mfuko wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo mchango wake katika kuongeza joto la dunia ulingane na wa mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja tu. Kifuko ni kidogo kuliko mfuko wa sokoni, lakini kanuni ni ileile: pamba imeshakula maji, mbolea na umeme kabla sindano haijaigusa. Faida yake huja kwa kurudiwarudiwa, na chenye kazi moja hurudiwa kidogo.

Kwetu, pwani ya Kilwa na Lindi, tumezoea kuanzia upande wa pili, kazi kwanza na kifuko baadaye. Noti hufungwa kwenye ncha ya kanga, fundo dogo gumu kama kokwa, kisha likafutikwa kiunoni. Neno kibindo lenyewe ni jina la mfuko ambao haukushonwa. Kanga hiyohiyo ni mbeleko, ni shuka, ni kata ya kuwekea ndoo kichwani, na ikichakaa ndipo hukatwa. Ujuzi huu ni wa zamani. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, alikuta vigurudumu vya kusokotea uzi vilivyotengenezwa kwa vigae vya vyungu: kigae kimechongwa duara, kimetobolewa katikati, na chungu kilichokwisha kazi jikoni kikaanza kazi nyingine.

Wapo watakaosema nasifia umaskini, na kwamba fundo hufunguka hela zikadondoka. Ni kweli hufunguka. Zipu ni kitu kizuri na sina ugomvi nayo. Kitambaa pia kina mipaka yake: samaki mbichi ana kikapu chake cha ukili. Tena nyumbani nako tumeanza kuteleza. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, nafasi yake ilichukuliwa na mifuko laini inayofanana na kitambaa, ilhali mingi ni plastiki vilevile. Hoja nzito zaidi ni ya fundi cherehani wa Lindi, ambaye anahitaji kuuza. Lakini fundi huuza mshono, wala halazimiki kuuza kazi iliyokwisha kuamuliwa. Ashone kifuko kisicho na vyumba ndani, kinachofulika, chenye kamba ndefu ya kukazia, na mnunuzi mwenyewe atajua: leo vidonge vya bibi, kesho udi kati ya nguo za sandukuni, keshokutwa ufuta wa kukaanga. Malighafi ipo. Kanga kuukuu ikikatwa kwa makini, mji wake hutoa kifuko na pindo hutoa kamba. Cha kununua ni uzi.